Umeme Ukikatika, Nani Azimwe Kwanza?

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta iliyotegemewa na baadhi ya majengo ya abiria ikagoma kuwaka. Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, ikawa zamu ya gridi ya taifa ya Tanzania. Makubwa ya namna hiyo huandikwa magazetini. Madogo hayaandikwi: transfoma ya mtaa inaungua saa nane mchana, kwenye chumba cha seva cha SACCO fulani au cha hospitali ya wilaya UPS inaanza kulia, na mashine moja iliyobeba seva pepe kumi imebakiwa na dakika chache za kujiokoa.

Itakachofanya mashine hiyo katika dakika hizo kilishaamuliwa zamani. Kimeandikwa kwenye mipangilio ya kuwasha na kuzima wageni, yaani seva pepe zinazoishi ndani ya mashine mwenyeji, na mara nyingi aliyekiamua si fundi wa IT wa pale bali mtengenezaji wa programu, aliyeweka chaguo-msingi bila kujua kama mnunuzi yuko Frankfurt au Mpanda. Fundi mwenyewe kwa kawaida hujishughulisha na swali moja tu, la kuwasha: huweka tiki ili mgeni awake mwenyewe, kisha huendelea na kazi nyingine. Mimi naona mpango huu uandikwe kwa kurudi nyuma, kuanzia kwenye betri. Betri huamua muda wa kuzima, muda huamua namna ya kuzima, na namna mgeni alivyozimwa huamua ataamkaje.

Njia za kumtoa mgeni kazini ni tatu. Unaweza kumwomba azime mwenyewe: afunge hifadhidata zake, aandike kwenye diski yaliyobaki, aondoke. Unaweza kumlaza: kumbukumbu yake yote inanakiliwa kwenye faili, naye akirudishwa anaendelea pale pale alipokatishwa. Na unaweza kumkatia umeme, sawa na kuchomoa waya ukutani. Watengenezaji hawakubaliani hata kidogo juu ya ipi iwe ya kawaida. Hyper-V ya Microsoft, usipogusa kitu, humlaza mgeni. Huduma ya libvirt-guests kwenye Linux, kama ilivyoandikwa na mradi wenyewe, nayo hulaza, ingawa baadhi ya matoleo ya Linux huibadilisha yanapoisambaza, kwa hiyo ni lazima kulifungua faili na kusoma kilichomo. ESXi ya VMware, ukiiruhusu iwashe na kuzima wageni yenyewe, hukata umeme mpaka uiambie vinginevyo. Proxmox huomba, husubiri sekunde 180 kwa seva pepe na sekunde 60 kwa kontena, kisha hukata. Fundi aliyehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine na kudhani mambo ni yale yale amebadilisha tabia ya seva zake zote bila kugusa kitufe.

Kulaza kunavutia kuliko zote, na ndiko ninakokutilia shaka zaidi. Kunavutia kwa sababu hakumhitaji mgeni akubali: hata aliyeganda, hata asiye na programu wakala ndani yake, hulazwa. Lakini gharama yake hulipwa kwa muda na diski. Chukua wageni kumi wenye gigabaiti 16 za kumbukumbu kila mmoja, wote wakiwa wameitumia. Hizo ni gigabaiti 160 za kuandika. Diski ya kuzunguka inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde itachukua takriban dakika 18. Diski ya SSD ya kawaida inayofika megabaiti 500 itahitaji zaidi ya dakika tano. Ni zile za NVMe tu zinazoifanya hesabu hii iwe ya sekunde. Hyper-V kwa kujua hilo hutenga mapema nafasi ya diski inayolingana na kumbukumbu ya mgeni, jambo linalowashangaza wanaotafuta gigabaiti zao zimepotelea wapi. UPS ya ofisi yenye dakika kumi haiwezi kumaliza kulaza kwenye diski ya kuzunguka, na mgeni ambaye faili lake liliandikwa nusu hana tofauti na aliyekatiwa umeme.

Hata muda ukitosha, kuna anayeamka akiwa amepotelewa na wakati. Mgeni aliyelazwa jioni na kuamshwa asubuhi hudhani bado ni jioni, mpaka saa yake irekebishwe. Kerberos, inayosimamia uingiaji kwenye mitandao ya Windows, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika tano tu. Ikizidi hapo, watumiaji wanakataliwa kuingia na simu zinaanza kumiminika kwa watu wa IT. Miunganisho yote ya mtandao aliyokuwa nayo imekufa upande wa pili. Kama ni mwanachama wa kundi la hifadhidata zinazochaguana kiongozi, anaweza kuamka akidhani yeye bado ndiye kiongozi wakati wenzake walishamchagua mwingine. Microsoft wenyewe wanashauri seva inayosimamia domeni isilazwe, izimwe ipasavyo.

Hatari kubwa zaidi haitajwi sana. Faili la kumbukumbu iliyolazwa na diski ya mgeni ni nusu mbili za kitu kimoja. Umeme umerudi, mtu anaona seva ya uhasibu haijaamka, anarudisha diski yake kutoka kwenye bakapu ya jana, kisha anaiwasha. Mwenyeji analikuta faili la kumbukumbu, analipakia juu ya diski isiyo yake, na mfumo endeshi unaanza kuandika kwa kufuata ramani ya faili ambayo haipo tena. Diski inaharibika kimyakimya, na huenda ikagundulika baada ya siku kadhaa. Anayeamua kutumia kulaza aandike pembeni, kwa maandishi makubwa, kwamba kabla ya kugusa diski ya mgeni ni lazima kumbukumbu iliyolazwa ifutwe.

Basi kwa seva nyingi inabaki kuomba. Kuomba nako kuna mitego yake, kwa kuwa anayeombwa anaweza asisikie. Njia ya zamani ni kumbonyezea mgeni kitufe cha kuzimia, kitufe cha kuigiza kinachopita kwa ACPI, na mfumo endeshi ndio unaoamua kinamaanisha nini. Linux yenye mazingira ya dirisha inaweza kumuuliza aliyeketi mbele ya skrini kama kweli anataka kuzima, wakati hakuna aliyeketi. Windows nayo, kwa matoleo ya zamani na sera fulani za usalama, hukataa kuzimwa kama hakuna aliyeingia. Kwa sababu hiyo ikaja programu wakala ndani ya mgeni: VMware Tools, huduma za ujumuishaji za Hyper-V, wakala wa QEMU. Wakala hupokea ombi na kulitekeleza bila maswali.

Ila wakala akiandikishwa kwa mwenyeji na asisakinishwe kwa mgeni, hali huwa mbaya kuliko kutokuwa naye kabisa. Kwenye Proxmox, ukiweka tiki kwamba mgeni ana wakala, ombi la kuzima hupitia kwa wakala badala ya kitufe. Asipokuwepo, ombi halifiki, sekunde 180 zinapita kwa kungoja, kisha umeme unakatwa. Mgeni ambaye angejizima kwa sekunde ishirini kwa kitufe cha kizamani anakufa kifo cha ghafla kwa sababu ya tiki moja. Huu ni ukaguzi wa dakika chache na ningeuweka mbele ya mengine yote: pitia kila mgeni, mwombe azime ukiwa umeshika saa, andika sekunde alizotumia.

Namba hizo za sekunde ndizo malighafi ya mpango mzima, na zitakushangaza. Seva ndogo ya Linux inayotoa kurasa za wavuti huondoka kabla hujaweka kikombe mezani. Lakini huduma moja ikikwama humo ndani, systemd kwa kawaida huisubiri hadi sekunde 90 kabla ya kuiua. PostgreSQL tangu toleo la 9.5 huwakata watumiaji waliounganishwa na kufunga haraka. Oracle ikizimwa kwa njia yake ya kawaida husubiri kila mtumiaji aondoke kwa hiari yake, na mhasibu aliyeacha dirisha wazi akaenda chakula cha mchana anaweza kuizuia seva nzima. Windows iliyopakua masasisho usiku huweza kuamua kuyasakinisha wakati wa kuzima, na hapo sekunde zinageuka kuwa dakika nyingi. Kwa ofisi yenye umeme wa mashaka, masasisho ya Windows kwenye wageni yapewe siku na saa yake, mbali na kuzima kwa dharura.

Sasa hesabu. Tuseme UPS, kwa kupimwa na si kwa kusoma karatasi yake, inabeba mzigo wote kwa dakika 12. Dakika mbili za mwanzo ni za kungoja, maana makatizo mengi ni mafupi na jenereta huhitaji muda wa kushika. Mwenyeji mwenyewe akishaondokewa na wageni ahesabiwe dakika mbili. Zimebaki nane. Betri za risasi huchoka, na joto ni adui yake mkubwa: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu, jambo ambalo chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa hakiwezi kulikwepa. Kwa hiyo nusu ya zile nane iwekwe akiba. Wageni kumi wamebakiwa na dakika nne, yaani sekunde 240.

Linganisha na libvirt-guests iliyoagizwa kuomba badala ya kulaza. Faili lake la asili linampa kila mgeni hadi sekunde 300, na PARALLEL_SHUTDOWN ikiwa 0 huwazima mmoja mmoja. Kwa wageni kumi wakaidi hizo ni dakika 50, na betri iliisha zamani. Ukiruhusu wazimwe kwa pamoja, ukomo ule unakuwa wa kundi zima badala ya mmoja mmoja, na hesabu inarudi kwenye uwezekano. Unachokosa hapo ni mpangilio: libvirt haijui kwamba seva ya malipo inategemea hifadhidata. Proxmox inajua kiasi. Kila mgeni hupewa namba ya zamu, sekunde za kungoja baada ya kuwashwa, na ukomo wa kuzimwa. Wanaozimwa huenda kinyume cha walivyowaka. Katika sekunde zetu 240, seva za programu zinazotumiwa na watu zinapewa 90 na kuzimwa zote kwa pamoja, hifadhidata zinapewa 120, na 30 zilizobaki ni za DNS na seva ya mafaili, ambazo kila mtu alizihitaji mpaka dakika ya mwisho. Angalizo: kwenye Proxmox mgeni asiye na namba ya zamu huwashwa baada ya wote wenye namba, na kwa hiyo wakati wa kuzima yeye hutangulia. Hifadhidata iliyosahauliwa kupewa namba itafungwa wakati programu bado zinaiandikia.

Inafaa kukumbuka kwamba haya yote si mapya. Kwenye kompyuta kubwa za IBM, ambako seva pepe zilikuwa bidhaa ya kawaida tangu miaka ya 1970, mfumo wa z/VM una mgeni anayeitwa AUTOLOG1. Mwenyeji akiwaka, huyo huingizwa kiotomatiki, naye kazi yake ni kuendesha orodha iliyoandikwa na binadamu ya kuwaamsha wengine. Kuzima kuna amri ya kumpa mgeni ishara pamoja na idadi ya sekunde alizonazo. Utaratibu wa kuandika orodha kwa mkono unaonekana wa kizamani, lakini ulimlazimisha mtu kufikiri nani anamtegemea nani, jambo ambalo kisanduku cha tiki hakimlazimishi.

Mwenyeji akishazima salama kuna mtego ambao huwapata hasa waliofanya kila kitu vizuri. Umeme umekatika, UPS imetoa taarifa, wageni wamezima, mwenyeji amezima, na sekunde hiyo hiyo umeme unarudi. UPS haikuwahi kufa, kwa hiyo kwa upande wa mwenyeji umeme haukuwahi kukatika: amezima kwa amri na ataendelea kukaa amezimika mpaka mtu aje abonyeze kitufe. Kama ni Ijumaa jioni, ofisi itakuta seva zimelala Jumatatu. Programu huria ya NUT, inayotumiwa sana kusimamia UPS, ina dawa yake. Katika hatua ya mwisho kabisa ya kuzima, mwenyeji huiamuru UPS ikate umeme wa matundu yake kisha iurudishe, hata kama umeme wa TANESCO au wa Kenya Power tayari upo. Mwenyeji naye awe ameelekezwa kwenye BIOS kwamba umeme ukirudi awake daima. Chaguo la 'rudi hali ya mwisho' linasikika la busara, ila hali ya mwisho ya mashine iliyozimwa kwa utaratibu ni kuzimika. UPS nyingi pia zinaweza kuambiwa zisirudishe umeme mpaka betri ifikie asilimia fulani, na kwetu hili ni la lazima: umeme unaorudi, ukakaa dakika nne, ukaondoka tena, utawakuta wageni wote katikati ya kuwaka na betri tupu.

Kuwasha ni rahisi kidogo, mradi isisahauliwe kwamba kuwashwa na kuwa tayari ni mambo mawili. Wenyeji wengi wanachojua ni kwamba mgeni amepewa umeme. Hawajui kama hifadhidata yake imemaliza kujikarabati baada ya kuzimwa vibaya. Tofauti hiyo huzibwa kwa sekunde za kungoja: ESXi huweka 120 kati ya mgeni na mgeni, Hyper-V humpa kila mmoja ucheleweshaji wake, libvirt-guests ina START_DELAY. Ni kubahatisha kwa saa. ESXi ina chaguo zuri zaidi, la kungoja mapigo kutoka VMware Tools na kuendelea pindi yanapofika, ingawa hata mapigo hayo yanathibitisha uhai wa mfumo endeshi tu. Ucheleweshaji una faida nyingine ya wazi: diski ya kuzunguka humudu takriban maombi mia moja ya nasibu kwa sekunde, na wageni kumi wakiigombania kwa wakati mmoja, wote huchukua muda mrefu kuliko wangechukua kwa kupokezana.

Ningependa zaidi tatizo hili litatuliwe ndani ya mgeni. Programu inayoikosa hifadhidata ikajiua moja kwa moja itahitaji mpangilio wa zamu usiokosea hata siku moja. Programu inayojaribu tena kila sekunde kumi haijali nani alitangulia. Mistari miwili kwenye faili la systemd, kuiagiza huduma ijiwashe tena ikianguka na ingoje kidogo kabla ya kujaribu, huondoa nusu ya haja ya namba za zamu.

Kisichotatulika kwa kujaribu tena ni duara. Mwenyeji hupakia diski za wageni kutoka seva ya mafaili kwa kuitafuta kwa jina. Jina hutolewa na DNS. DNS ni mgeni ambaye diski yake iko kwenye seva ile ile. Siku zote ilifanya kazi, kwa sababu siku zote kimoja kilikuwa tayari kimewaka. Klasta za Hyper-V ziliishi na duara la aina hii hadi Windows Server 2012: hazikuweza kuamka bila seva ya domeni, na wengi walikuwa wameiweka seva ya domeni ndani ya klasta. Duara huvunjwa kwa kuandika anwani ya IP ya seva ya mafaili moja kwa moja kwenye mwenyeji, kumpa mwenyeji anwani isiyotegemea DHCP ya mgeni wake, na kuiweka angalau seva moja ya majina nje. Diski zilizosimbwa nazo ni za kundi hili. Mgeni mwenye diski iliyosimbwa kwa LUKS anaonekana amewaka, ana rangi ya kijani kwenye orodha, kumbe anangoja mtu aandike nywila.

Wenye klasta zinazohamisha wageni zenyewe wajue kwamba sehemu kubwa ya mipangilio hii haiwahusu tena. Kwenye vSphere ya VMware, mwenyeji akiingizwa katika klasta yenye HA, yaani uhamishaji huo wa kiotomatiki, kuwasha kiotomatiki kwake huzimwa na kazi huchukuliwa na vipaumbele vya klasta. Kuanzia toleo la 6.5 wageni wanaweza pia kufungamanishwa kwa utegemezi. Proxmox nayo hupuuza tiki na namba za zamu kwa mgeni aliye chini ya HA, na hata kwa wengine zamu hufanya kazi ndani ya mashine moja tu.

Limebaki suala la nani asiwake kabisa. Kila mwenyeji wa miaka kadhaa ana masalia: seva ya zamani ya mishahara iliyohifadhiwa baada ya kuhamia mpya, nakala iliyorudishwa kutoka bakapu ili kujaribiwa, seva ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Zimezimwa kwa mkono na zinakaa kimya kwa miezi, huku tiki ya kuwaka zenyewe ikiwa haijaondolewa. Mwenyeji akizaliwa upya baada ya katizo, huwasha kila mwenye tiki bila kuuliza aliyezimwa ni nani na kwa nini, na mtandao unapata seva mbili zenye anwani moja ya IP, moja ikiwa na takwimu za mwaka juzi. Hyper-V hukwepa hili kwa chaguo-msingi lake la kumwasha yule tu aliyekuwa akifanya kazi mwenyeji alipozimwa. Kwenye libvirt tiki hiyo ni kiungo cha faili ndani ya /etc/libvirt/qemu/autostart, na folda hiyo inasomwa yote kwa mtazamo mmoja.